Ufa Chini ya Rangi ya Fedha

Waridi binti Fikirini alijifunza kupaka rangi ringi za magari kwa sababu mikono ya mumewe ilianza kutetemeka.

Mumewe, Abbasi, alikuwa fundi rangi kwa miaka kumi na tisa katika gereji moja ya shirika la umma, Barabara ya Pugu. Miaka yote hiyo alipuliza rangi akiwa amejifunga kitambaa tu puani, mpaka kifua kikaanza kulia kama mvukuto na macho yakaingia ukungu. Mwaka 1979 wakamstaafisha. Akarudi nyumbani Mtaa wa Kipata, Kariakoo, kwenye nyumba ya vyumba sita aliyoachiwa na baba yake, akiwa na sanduku la msasa, brashi tatu, na jina zuri mjini.

Jina lile ndilo lililowalisha. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini madukani hakukuwa na kitu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na ringi mpya ya gari hata kwa foleni huipati. Mwenye gari alitunza alichonacho. Kwa hiyo watu walimletea Abbasi ringi zao zilizochakaa, hasa zile za aluminiamu, ambazo mafundi wengi waliziogopa. Aliwapokea barazani, akazipapasa ringi kwa vidole, akataja siku ya kuja kuzichukua. Kazi yenyewe ilifanyika uani, nyuma ya kiambaza cha mabati karibu na jiko, na aliyeifanya alikuwa Waridi.

Nilikuwa mpangaji wao wakati huo, chumba cha pili mkono wa kushoto, karani wa bandarini. Sisi wa ndani tulijua siri hiyo tukanyamaza. Mengine nitakayoyasema hapa niliyaona mwenyewe, na yale ambayo sikuyaona Waridi alinisimulia, zaidi ya mara moja, maana halikuwa jambo lililomtoka moyoni.

Waridi, ambaye mumewe alimwita Mama Tatu, alikuwa mwanamke mwembamba, wa miaka arobaini na ushee, mwenye mazoea ya kuhesabu mambo mabaya kabla hayajatokea. Wingu likipita alianua nguo. Mtu akipiga hodi kwa nguvu alishika kifua. Lakini akishika ringi alitulia. Abbasi aliketi kwenye kigoda kando yake akimwelekeza, na yeye akakwangua rangi ya zamani kwa kipande cha bati, akasugua ule unga mweupe kama chumvi ambao aluminiamu huutoa ikiliwa na hewa ya bahari, kisha akapiga msasa wa maji mpaka ncha za vidole zikalainika. Msasa ulikuwa adimu. Kipande kimoja alikitumia mpaka kikawa kama karatasi ya kufungia karanga. Magadi makali ya kutolea rangi Abbasi alimkataza kabisa. "Yale ni ya chuma," alimwambia. "Aluminiamu ukiitia humo inachemka, inaliwa mbele ya macho yako."

Bunduki ya kupulizia rangi hawakuwa nayo. Walitumia bomba la dawa ya mbu, lile la mkono, lililosafishwa kwa tina, yale maji makali ya kuyeyushia rangi. Waridi alisubiri mpaka saa nne asubuhi, unyevu uwe umekwisha hewani, akamwagia ua maji kulaza vumbi, akatuomba wapangaji tusipite, akapuliza. Mara moja nyepesi, anangoja, mara ya pili. Rangi ilitua laini. Wateja waliporudi walimshika Abbasi mkono na kusema mzee bado yumo.

Mwezi wa nane mwaka 1981 alikuja Leodegar, mfanyabiashara wa jumla wa Mtaa wa Narung'ombe. Alikuwa Mchaga wa Kibosho, Moshi, mtu mnene wa sauti ya chini, ambaye kila neno alilisema kana kwamba amelipima kwanza. Alikuwa na Pijo 504 nyeupe, na ringi zake nne za aluminiamu alizipata kwa Mgiriki mmoja wa Arusha aliyekuwa akishindana mbio za magari kabla hajahama nchi. Zilikuwa zimebabuka, zimechubuka kingo, lakini umbo lake lilikuwa zuri, mikono minane ikitoka katikati ya kila moja. Alitaka zipakwe rangi ya fedha, na rangi alikuja nayo mwenyewe, kopo moja. Hatukuuliza alilitoa wapi.

"Mzee Abbasi," alisema, "nazihitaji Alhamisi ijayo. Jumamosi naenda nyumbani."

"Alhamisi zitakuwa tayari, Inshallah," Abbasi alijibu.

Ringi ya kwanza na ya pili hazikuleta taabu. Jumatatu mchana Waridi alikuwa akimalizia msasa kwenye ya tatu alipoona unywele umenasa kando ya tundu la boliti. Akaufuta. Ukabaki. Akaufuta tena kwa kitambaa chenye tina, akasubiri. Tina hukauka upesi, na ringi nzima ilikauka ikang'aa, isipokuwa pale. Pale palibaki mstari mwembamba wenye unyevu, umeanzia tundu la boliti na kukimbilia mkono wa ringi, urefu wa kidole.

Alimwita mumewe kwa sauti ndogo ili sisi tusisikie, ingawa mimi nilikuwa nafua hatua nne tu kutoka pale.

Abbasi hakuweza kuuona ufa ule. Aliomba mpini wa nyundo. Akainua ringi nzima ya kwanza kwa kidole, akaigonga. Ikalia sauti ndefu, safi. Akainua ya tatu, akaigonga. Ilitoa sauti fupi, ya kukwaruza, kama chungu kilichopasuka.

"Hii imekufa," alisema.

"Tumwambie?"

Abbasi aliiweka ringi chini. "Tukimwambia atasema tumeipasua sisi," alisema. "Atataka kujua nani aliyeishika. Nimwambie nini, Mama Tatu? Kwamba mimi sioni, kazi zote hizi miaka miwili anafanya mke wangu?"

Waridi aliupapasa ufa kwa ncha ya kidole.

"Na ufa haukuanza leo," Abbasi aliendelea. "Mgiriki amekimbia nayo hivyo hivyo. Leodegar mwenyewe ameiendesha mwaka mzima. Izibe."

Waridi anasema aliona mumewe anaogopa, na hofu ya Abbasi ilikuwa kitu kigeni kwake. Siku zote mwoga alikuwa yeye. Basi akachukua puti, akaujaza ufa, akaulaza kwa kisu cha mezani, akausugua siku ya pili mpaka ukawa sawa na uso wa ringi. Akapaka praima ya njano, rangi ya chini. Jumatano saa nne akapuliza fedha. Zilipokauka alizipanga ukutani zote nne, na hata yeye hakuweza kusema ipi ni ipi.

Alhamisi Leodegar akaja. Alichuchumaa barazani, akapitisha kiganja juu ya kila ringi, na uso wake ukalegea kwa furaha.

"Fundi, umezirudisha ujanani," alisema. "Jumamosi alfajiri natoka na mama yangu, mke wangu na watoto. Blandina wangu anapata kipaimara Kibosho. Mama amekaa hapa mjini miezi mitatu kwa matibabu ya mguu, anataka kufia kwake, anasema."

Abbasi alicheka kidogo, akamwambia amsalimie mama. Leodegar aliacha kilo nne za sukari na doti mbili za kanga, vitu ambavyo Kariakoo nzima ilikuwa ikivitafuta, akapakia ringi zake akaondoka. Waridi alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Alisikia neno watoto, akasikia neno mama, na tangu hapo, alivyoniambia, hakusikia kingine.

Ijumaa asubuhi aliniletea chai. Haikuwa kawaida yake. Ilikuwa tamu kupita kiasi, na yeye hakunywa. Akaniuliza kana kwamba ni maneno ya kupitisha wakati, "Kaka, Moshi ni mbali kiasi gani?"

"Zaidi ya kilomita mia tano, dada."

"Na barabara?"

"Mashimo," nikasema. "Mahali pengine hujui kama ni barabara au ni mto uliokauka."

Alikaa akiangalia kikombe changu. Halafu akauliza kama ringi ikivunjika gari likiwa mbio dereva anaweza kulishika. Nikamwambia sijui, mimi si dereva. Nilijua lililomsumbua, lakini sikulisema. Mpaka leo siko radhi na nafsi yangu kwa hilo.

Adhana ya Ijumaa ilipolia, Abbasi alitoka kwenda msikitini, akishika ukuta mpaka kona kama alivyozoea. Waridi alingoja apotee. Ndipo akavaa baibui, akafunga chumba, akatoka bila kumuaga mtu. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa hakuwahi kwenda mahali bila mumewe kujua, na mpaka anafika Narung'ombe alikuwa akigeuka nyuma kila baada ya nyumba mbili.

Dukani alimkuta Clotilda, mke wa Leodegar, akifunga mizigo. Magauni mawili meupe yalikuwa yametandazwa juu ya meza ya kuuzia, na bibi mmoja mzee ameketi kwenye kiti cha kamba, mguu wake uliofungwa bandeji umenyooshwa juu ya boksi.

"Karibu, mama. Wewe si mke wa Mzee Abbasi?" Clotilda alisema. "Mwambie asante sana. Baba Blandina jana hakuzungumza jambo lingine ila hizo ringi."

Waridi alimwamkia bibi yule shikamoo. Bibi akaitikia marahaba, akamshika mkono asimwachie, akimwambia habari za mguu wake. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi wa Waridi. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuyatoa palepale, amwambie mke, mambo yaishe. "Yule bibi alikuwa amenishika mkono," alisema. "Ningesemaje huku amenishika?"

Akauliza tu alipo Baba Blandina. Akaambiwa ameenda Buguruni kwa Theophil, fundi wa matairi, kufunga gari tayari kwa safari.

Akaenda. Alisimama kituoni Mtaa wa Uhuru, basi la kwanza likapita limejaa mpaka mlangoni, la pili halikusimama, akaamua kwa miguu. Jua la saa saba. Ilala, kisha Malapa, kandambili zinamponyoka kwa jasho. Aliogopa atachelewa, akaogopa pia atawahi. Alikuwa akipanga maneno njiani na kila alipofika mwisho aliyasahau ya mwanzo. Abbasi atakuwa ametoka msikitini sasa. Atakuwa amekuta mlango umefungwa.

Pale kwa Theophil palikuwa na bodi la lori bovu, na kivuli chake ndicho kilichokuwa karakana. Pijo ilikuwa imesimama mbele yake ikiwa na magurudumu yote manne, yanameta. Wanaume sita au saba walikuwa wameizunguka kuisifu. Theophil, kijana mrefu mwenye mikono ya grisi, alikuwa akikaza nati za mwisho. Leodegar alimwona Waridi akasogea, ana wasiwasi.

"Mama, kuna nini? Mzee ni mzima?"

"Mzima," Waridi alisema. "Bwana Leodegar, usisafiri na ringi hizo. Moja ina ufa."

"Ufa gani?"

"Ufa. Tuliuziba kwa puti."

Leodegar alimtazama, akayatazama magurudumu. "Ipi?"

Hapo ndipo Waridi alipogundua kwamba hajui. Aliinama kwenye la kwanza, akaenda la pili, akazunguka gari lote. Zote zilifanana, na zilifanana kwa sababu yeye alizifanya zifanane. Akaomba kitu cha kugongea, Theophil akampa spana. Akagonga moja, akagonga nyingine. Zote zilitoa sauti ileile nzito, maana tairi likiwa limevaa, ringi hailii. Mwanaume mmoja akacheka. Mwingine akauliza huyu mama katoka wapi.

"Fungua nati," Waridi alimwambia Theophil. "Ufa unaanzia kwenye tundu la boliti. Nati imeufunika."

"Mama," Leodegar alisema, na sauti yake ya chini ilikuwa imeshuka zaidi, "hii ni kazi ya Mzee Abbasi. Kama ina kasoro, mwite Mzee Abbasi aje aniambie mwenyewe. Usiniharibie rangi."

"Kazi si ya Abbasi. Ni yangu."

Yule aliyecheka akageuka kumtazama.

"Mume wangu haoni," Waridi alisema. "Mikono inamtetemeka. Ninayekwangua ni mimi, ninayepaka ni mimi. Na puti nilitia mimi."

Theophil akapiga goti kando ya gurudumu. "Mzee, niache nifungue," alimwambia Leodegar. "Kufungua si kazi. Ukisafiri na shaka, hiyo ndiyo kazi."

Gurudumu la kwanza likashushwa. Waridi akapiga magoti vumbini, akakwangua kando ya kila tundu kwa ncha ya msumari. Fedha ikatoka, praima ya njano ikatoka, chini yake aluminiamu safi. Hakuna kitu. La pili hivyo hivyo. Kila alipokwangua aliacha kovu kwenye kazi yake mwenyewe, na pumzi za Leodegar zilikuwa juu ya kichwa chake. Alianza kuomba ndani ya moyo auone ule ufa, kisha akaona aibu kwamba anaomba ufa.

Ulikuwa kwenye gurudumu la tatu, la nyuma kushoto. Msumari ulizama. Puti ya kijivu ikatoka vipande vipande kama maganda ya yai, na chini yake mstari ukajitokeza. Theophil alichukua nyenzo zake, akalivua tairi, akaining'iniza ringi kwenye ndoano ya lori na kuigonga. Ile sauti fupi ya kukwaruza waliisikia wote.

Leodegar aliinama akaupapasa ufa kwa kidole gumba. Kisha akafungua mlango wa nyuma wa gari, upande ule wa kushoto, akasimama ameushika.

"Mama yangu ndiye angekaa hapa," alisema.

Hakumwambia Waridi asante, wala hakumtukana. Alimwambia Theophil ayarudishe matairi kwenye ringi zake za zamani za chuma. Safari yake ikatoka kesho yake saa nne badala ya alfajiri, na wakafika.

Waridi alirudi nyumbani jua likielekea kushuka. Abbasi alikuwa ameketi barazani na kofia yake ya kutokea msikitini bado kichwani. Mimi nilikuwa nimekaa naye kwa sababu sikuweza kumwacha peke yake. Mara tatu alikuwa ameniuliza kama nasikia hatua. Waridi alimweleza yote palepale, amesimama, bila kuficha hata lile la kusema mbele ya wanaume.

"Umenivua nguo barabarani," Abbasi alisema.

"Najua."

Akainuka akaenda ndani. Siku nne hakuzungumza naye isipokuwa salamu. Sukari iliyobaki na zile kanga Waridi alizirudisha Narung'ombe Jumatatu, akaziacha kwa mlinzi wa duka.

Habari zikazagaa. Kariakoo ilisimulia upande mmoja wake: kwamba Mzee Abbasi ni kipofu, anawapa kazi wanawake, na wanaziba nyufa. Mwezi wa tisa haikuja ringi hata moja, wa kumi haikuja. Waridi akaanza kukaanga vitumbua, na mafuta ya kukaangia nayo yakawa vita vyake vingine. Wakati mwingine nilimkuta uani amekaa mbele ya kiambaza cha mabati, mikono mitupu, na nikajua anajiuliza alichokifanya ni kipi kati ya viwili: ameokoa watu, au ameangusha nyumba yake. Abbasi alikuwa amepunguza kula.

Lakini Buguruni ilisimulia upande wa pili. Theophil alimweleza kila aliyevua tairi kwake juu ya mwanamke aliyetoka Kariakoo kwa miguu kuja kuharibu kazi yake mwenyewe. Mwezi wa kumi na moja alifika Mtaa wa Kipata na ringi mbili za gari la misheni begani. Akampa Abbasi shikamoo, akaziweka chini.

"Sitaki rangi, mzee," alisema. "Nataka mnisikilizie kama ni nzima."

Abbasi aliinama akazipapasa ringi zile moja moja. Kisha akaita kuelekea ndani, kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayemwita fundi mwenzake, "Mama Tatu, lete mpini wa nyundo. Na tina."

Ikawa hivyo. Polepole watu wakarudi, wengine kupaka, wengi zaidi kupimiwa. Mgeni akiketi barazani na kuanza kumsifu, Abbasi alimkatiza. "Kazi ni ya mke wangu," alisema. "Mimi nasikiliza tu." Mara za kwanza kabisa alilisema akiwa ameinamisha kichwa. Baadaye hakuinamisha. Alifariki mwaka 1986, kifua kilimshinda, na Waridi akaendelea peke yake.

Leodegar hakukanyaga tena nyumba ile. Clotilda alikuja mara moja, siku ya msiba, akakaa mkekani pamoja na wanawake wengine mpaka jioni, na alipoondoka aliacha zile doti mbili za kanga mapajani mwa Waridi.

Hofu haikumwisha Waridi. Hata alipopata wateja mpaka wa Mchafukoge, wenye maduka na ofisi, hakuwahi kukabidhi ringi bila kuuliza gari linaenda wapi na nani atapanda. Wengine walidhani ni umbeya. Siku moja kabla sijahama, mwaka 1988, nilikuwapo mwenye duka la vitabu alipokuja kuchukua zake. Waridi akamuuliza kama kawaida.

Yule bwana akatabasamu. "Hakuna mtu, mama. Gari lile linabeba madaftari tu."

"Na dereva?" Waridi akauliza, akazichukua ringi mikononi mwake, akarudi nazo uani kuzigonga tena.